Kitufe cha Chumvi

Hapo kale, kale ya juzijuzi, Kindi alikuwa na hofu moja: kuishiwa chumvi mchuzi ukiwa motoni. Kunguru mchuuzi akamuuzia kitufe.

"Ukibonyeza mara moja, gunia linatua mlangoni."

Jirani yake, Bi Nguchiro, akacheka. "Mimi ikiniishia nitapiga hodi kwako."

Kindi akabonyeza. Moyo haukutulia, akabonyeza tena, na tena. Asubuhi moja magunia yakaziba mlango. Akasukuma, wapi! Akapiga kelele, hakuna aliyesikia.

Siku ya tatu, koo limemkauka kwa kiu, akasikia: "Hodi, jirani! Naomba chumvi kidogo."

"Chukua yote!" akalia Kindi.

Bi Nguchiro akaburuta magunia mpaka akatweta. "Kwani ulibonyeza mara ngapi?"

"Kila nilipoogopa."