Springi za Manjano

Injini ya silinda nne ilipokosa nguvu mara ya tatu, mara tu ilipopita mizunguko elfu sita kwa dakika, dereva wa mashindano alizima gari akafungua kifuniko cha valvu mwenyewe.

Springi zote za kurudisha valvu zilikuwa za manjano, rangi ya zile ngumu za mbio alizoagiza. Alikwangua moja kwa ukucha, bila kujali joto. Rangi ikabanduka. Chini yake ilikuwa springi ileile ya kiwandani, nyeusi kwa oili ya miaka.

"Umezipaka rangi!"

Kaka yake, fundi wa gari lile, alijikuna shingo. "Mpya zimekosekana, dada. Hizi zingevumilia."

"Zikikatika nikiwa kwenye kona?"

"Usikuze mambo. Mbio za kesho ni raundi kumi tu za uwanja."

Dereva akavua helmeti, akamsukumia kifuani. "Basi kesho endesha wewe."

Mikono ya kaka yake haikuinuka kuipokea.