Kushusha Bloku

Bloku ya pikipiki, chuma kizito kinachoifunika pistoni, haishuki vizuri kwa mtu mmoja. Mmoja hubana ringi za pistoni kwa vidole, mwenzake huishusha bloku taratibu juu yake. Ndiyo maana Mwakisu alimwita shemeji yake Lukelo, fundi aliyemfungia pistoni mpya kabla ya masika.

Pikipiki ilikuwa imerudia kutoa moshi, na safari hii Mwakisu aliifungua injini mwenyewe, uani, juu ya gunia. Ndani alikuta pistoni yake ya zamani, na mkwaruzo wake alioujua kama kovu la mwanawe. Ile mpya haikuwahi kuingia. Akanunua nyingine, akaifunga. Ya zamani akaiweka juu ya kigoda, mahali ambapo mgeni hakosi kuiona.

Lukelo aliiona. Akaisogeza chini, akakalia kigoda.

"Imekwisha mapema hivi! Vipuri vya siku hizi makaratasi matupu, bwana."

"Ndiyo uliyonifungia?"

"Si ndiyo hiyo! Kwa mikono hii hii. Nikudanganye wewe, shemeji, uliyenipa dada yako?"

Mwakisu alisubiri, akitamani shemeji yake aseme neno jingine, lolote. Lukelo aliinama tu, akabana ringi.

"Haya, shusha."

Bloku ilikuwa nzito, imepakwa oili. Chini yake vidole vya Lukelo vilitulia bila wasiwasi wowote. Mwakisu aliishikilia juu, na oili ikaanza kudondoka, tone kwa tone, kwenye pete ya ndoa kidoleni mwa Lukelo.