Baiskeli Isiyosafiri

Ilikuwa tarehe tisa Juni, asubuhi ya manyunyu, Salome alipoikokota peke yake baiskeli ya marehemu mumewe, Zakayo, hadi uwanja wa kanisa. Hapo chama cha hisani kilikusanya baiskeli kuukuu za kupelekwa ng'ambo. Alikuwa amemwomba Mungu iende mbali, asije akaiona ikikatiza mtaani bila Zakayo.

Fundi Mkwizu wa chama hicho alilizungusha gurudumu, akatabasamu. "Mama, hii haisafiri. Iliyo nzima kuliko zote huwa tunaiuza hapahapa. Ndiyo inayozilipia zile nyingine nauli ya meli."

"Ningejua ningeipiga nyundo kwanza!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Muuza maziwa wa mtaani kwake, aliyeuona uso wake, akajitokeza kuinunua. "Nitakuwa napita kwako kila asubuhi, mama. Au nizunguke njia nyingine?"

Salome akazitazama zile kuukuu, zimelaliana kwenye manyunyu, zikingoja safari. Akauachia usukani polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza sala.

"Usizunguke," akasema kwa sauti, wote wakasikia. "Mbele za Mungu na mbele ya hawa ndugu, naahidi: ukipita, nitafungua dirisha."