Pindo la Kukulia

Siku hiyo, suruali ya jeshi aliyoletewa fundi cherehani Riziki aifupishe ilikuwa ya mwanawe mwenyewe, Shomari, aliyechukuliwa jeshini kwa lazima.

"Fanya haraka, mama," sajini alisema mlangoni. "Nchi imemlea. Sasa ni zamu yake kuilinda."

"Ilimnyonyesha lini?" Riziki alifoka, akazitema pini kiganjani. "Alipougua surua, ilikesha naye? Mngemwomba, pengine angekuja mwenyewe. Mnamkokota kama mbuzi, halafu mnaniambia ni heshima!"

"Sheria ni ya wote. Hata wangu alikwenda."

"Na wewe baba mtu ukanyamaza!"

Riziki aliiweka suruali kwenye cherehani. Hakuikata. Aliikunjia ndani pindo pana, kama wazazi wa mji ule wanavyotaka kwenye sare za shule, ili mtoto akirefuka lifumuliwe.

"Pindo lote hilo la nini?"

"La kukulia. Mtoto bado anarefuka, au hilo nalo lina sheria?"

"Kata tu, mama," sajini alisema taratibu. "Sijaona hata moja lililorudi kufumuliwa."

Mguu wa Riziki uliteleza kwenye pedali. Gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka peke yake.