Magoti ya Mtu wa Nyuma

Kwa mara ya nne nesi aliweka kidole juu ya kitufe cha kulaza kiti, na kwa mara ya nne akakiondoa.

Mgongo ulimuuma kuanzia shingoni hadi kiunoni. Siku tisa alikuwa amemuuguza dada yake mkubwa hospitalini, na siku zote tisa alilala kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Jana dada alikula vizuri, akamfukuza kwa upole: nenda mdogo wangu, usije ukapoteza kazi kwa ajili yangu. Basi akapanda ndege ya asubuhi. Ingetua saa sita. Zamu yake ilianza saa saba.

Na zamu hiyo haikuwa ya mchezo. Mwezi uliopita alikutwa amesinzia wima, dawa za watu mkononi. Msimamizi wa wodi hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Nikikukuta unasinzia tena, nenda ukatafute kazi ya kusinzia." Nesi hakumlaumu, alijua kijiko kimoja cha makosa kinaweza kumaliza mtu. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa rahisi: saa nne angani, alale japo tatu. Lakini kiti kilichosimama wima hakikumpa nafasi. Kila alipofumba macho kichwa kilimwangukia kifuani, akazinduka.

Tatizo lilikuwa mtu wa nyuma.

Alimwona wakati anaingia. Abiria bado walikuwa wanasukumana mlangoni, mwenzao huyo tayari ameketi dirishani, sijui alipitia wapi, blanketi limemfunika hadi kiunoni. Pande la mtu. Mabega yamejaza kiti, kichwa kimepita juu ya mto. Sasa nesi alikuwa na miaka ishirini na miwili katika wodi ya mifupa. Mtu akipita tu mlangoni, alikuwa anakwambia nyonga ipi mbovu. Akapiga hesabu palepale: kwa kiwiliwili kile, magoti yake lazima yawe yamebanwa hapa mgongoni kwangu. Hata kabla sijalaza kiti, maskini anateseka.

Jirani yake, mfanyabiashara mwenye kitambi, hakuwa na mawazo ya namna hiyo. Ndege ilipotulia tu, alilaza kiti chake mpaka mwisho. Nyuma ikasikika sauti ya mama mmoja, "Taratibu jamani, magoti yangu." Mfanyabiashara keshaanza kukoroma.

Mtu wa nyuma naye akainama mbele. "Dada," aliita kwa sauti nzito ya upole, "naona unahangaika. Laza kiti tu. Hunisumbui hata kidogo."

Nesi akatabasamu kwa uchovu. Maneno hayo ameyasikia maisha yake yote ya kazi. Mtu anaingizwa wodini paja limevunjika vipande viwili, ukimuuliza anakwambia haumwi, usijisumbue nesi. Na mabingwa wa kusema hivyo ni majitu kama haya.

"Asante, kaka," alisema. "Niko sawa."

Hakuwa sawa. Baada ya saa moja uvumilivu ulimwishia, akabonyeza kitufe, kiti kikashuka upana wa vidole viwili. Raha ilimpanda mgongoni mpaka machozi yakamlengalenga. Hapohapo akasikia mguno kutoka viti vya nyuma. Akakirudisha kiti haraka, uso umemwiva kwa aibu.

Wahudumu walipopitisha vinywaji, alikunywa vikombe viwili vya kahawa. Mtu wa nyuma alikataa hata maji. Saa ya tatu nesi alikwenda msalani, si kwa haja, bali apate kunyoosha mgongo. Aliporudi alimkuta yule bwana palepale, blanketi kiunoni, anasoma gazeti. Tangu asubuhi hajainuka hata mara moja. Atainukaje, nesi aliwaza, na magoti yamebanwa hivyo?

"Kiti chako kibovu?" mtu yule aliuliza.

"Kizima."

"Basi laza, dada yangu."

"Tumeshakaribia, kaka."

Ndege ilipotua, mfanyabiashara alijinyoosha kwa mlio. "Hukulala?" alimuuliza nesi. "Ungelaza kiti, mama. Si umelipia?"

"Kuna watu nyuma yetu," nesi alimjibu.

Alijisikia fahari kidogo kwa jibu hilo, na fahari hiyo ndiyo pekee aliyoipata safari nzima. Macho yalimwasha. Alifikiria wodi, kigari cha dawa, msimamizi amesimama mlangoni na miwani yake, na akaogopa kweli. Hadi jioni asingefika bila kusinzia.

Aliwaacha abiria wote watangulie, maana mgongo ulikataa kuharakishwa. Wakabaki yeye na mtu wa nyuma. Akasimama, akamgeukia, akasogea pembeni ampishe.

"Tangulia wewe, kaka, ukanyooshe magoti. Nimejitahidi nisikuumize."

Yule bwana aliliweka gazeti pembeni. "Kumbe ndiyo sababu," alisema taratibu. "Pole sana, dada. Mimi hutoka wa mwisho."

Wahudumu wawili walikuwa wanakuja wakisukuma kiti chembamba cha magurudumu. Mmoja akainama, akaliondoa blanketi, akalikunja. Mapaja yaliishia kwenye ukingo wa kiti, na kutoka hapo hadi mgongoni mwa kiti cha nesi hapakuwa na kitu.