Msiba wa Kuigiza

"Kata!" Antipasi alifoka kwa mara ya tisa. Waigizaji wake, aliowalea jukwaani miaka kumi na tano, walikuwa wanalia kana kwamba kuna mtazamaji kiziwi kiti cha nyuma kabisa.

"Kamera iko puani kwenu, jamani! Mnataka wasikie mpaka Manyoni?"

Betri ilibaki ya kurudia mara moja tu. Filamu yake ya kwanza ilikuwa inafia hapo hapo kijijini Ihanja.

Walipoanza tena, bibi mmoja mpita njia aliona turubai na watu wamekaa chini. Akatua mzigo wake wa kuni penye mafiga kando ya turubai, akavua kandambili, akaketi mkekani akalia kimya kimya, mabega yakitetemeka. Waigizaji wakasahau kupiga kelele. Wakalia kweli.

Mpiga picha akamkonyeza Antipasi: hii ndiyo yenyewe.

Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Poleni, wanangu. Mfiwa ni nani?"

Baba yake Antipasi alipozikwa, yeye alikuwa Dar es Salaam, jukwaani, anapigiwa makofi.

Akavua viatu, akapita mbele ya kamera.

"Shikamoo, bibi. Mfiwa ni mimi."