Kitambaa Chekundu

Ukungu mweupe ulikuwa ukifuka nyuma ya bawa la kulia la ndege, na fundi hakuweza kubandua macho dirishani.

"Wingu hilo," alisema mzee aliyeketi kando yake.

"Ndiyo, wingu," fundi alijibu.

Alilijua wingu lake. Asubuhi, karakanani, alikuwa amebadilisha kipande cha bomba la mafuta ndani ya bawa la kulia. Nati ya mwisho aliikaza kwa mkono tu, akaifunga kitambaa chekundu, kama wafanyavyo mafundi wa pale kazi isipokwisha, akaenda stoo kuchukua spana. Huko bosi akamdaka: ndege tayari au bado? "Tayari, mkubwa," alisema, maana kugombezwa alikuogopa kama ukoma. Aliporudi, mwenzake alikuwa ameshafunika bawa, na trekta ilikuwa ikiivuta ndege nje, iende safari ya pili, ile aliyokatia tiketi yeye, mkewe na mwanawe.

Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Alikwenda kaunta akambembeleza binti wa tiketi awahamishie mkewe na mwanawe safari ya kwanza. Nafasi zilikuwa mbili tu. Mchuma janga hula na wa kwao. Yeye, kwa ujanja wake, aliwaondoa wa kwao mezani. Abiria wengine hakuwawazia, na sasa aibu hiyo ilimtafuna kuliko hofu.

Kabla safari ya kwanza haijaruka, mkewe alimpigia simu, na mtoto wao wa kike akainyakua.

"Baba, bawa letu linatoka jasho!"

"Mabawa yote hutoka jasho, mama," alimjibu, akacheka. Zamu yake ilipofika alipanda ngazi ameinamisha kichwa, asithubutu hata kuitazama ndege, akijipa moyo kwamba nati iliyokazwa na kiganja cha fundi haitoki.

Ukungu ukazidi. Fundi akabonyeza kengele, mhudumu akaja.

"Dada, niunganishe na rubani. Mafuta yanavuja, na kosa ni langu."

Mhudumu alimtazama usoni, akaona si mlevi. Akampa simu ya ndani.

"Geji ya kulia imeshuka kweli," ilisema sauti ya rubani, mama mtulivu. "Nilitaka kufungua vali nisawazishe kwa mafuta ya kushoto."

"Usifungue, Kapteni! Nati niliikaza kwa mkono tu, utayamwaga yote nje."

"Ulikaza kwa mkono?"

"Kwa mkono. Na nikanyamaza."

"Haya. Tukifika chini tutaongea."

Injini ya kulia ikazimwa, ndege ikageuka. Watu walisali, wengine walilia. Mzee alimshika fundi mkono akamliwaza, na fundi alitamani ardhi impasukie, ila hapakuwa na ardhi.

Walitua salama. Bosi mwenyewe alipanda ngazi pamoja naye, amefura kama andazi, akakifungua kifuniko cha bawa.

Ndani palikuwa pakavu. Nati zote zilikuwa zimekazwa barabara.

"Tangi lilijazwa kupita kiasi, likatema kwenye ncha ya bawa, basi," alifoka bosi. "Umewatia watu kiwewe bure!"

Fundi aliingiza mkono, akapapasa huku na huku. "Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kitambaa gani? Hii hukuigusa wewe. Zimefanana kama mapacha, lakini hii, iliyopangiwa safari ya kwanza, choo chake kiliziba, wakazibadilisha. Uliyoitengeneza wewe ndiyo iliyochukua safari ya kwanza. Iko angani sasa hivi."

Fundi aliruka kutoka ngazini, akakimbilia chumba cha redio, na njia nzima aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka: mabawa yote hutoka jasho, mama.